Nyumba ya ranchi ya zamani: anza na msingi, jiko litasubiri

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine wote habari za jioni, waliosimama kule nyuma sogeeni jamani viti bado vipo huku mbele. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kukarabati nyumba hapa Dallas, Texas, na miji ya jirani, na nimeomba kuongea leo kwa sababu kila nikiingia kwenye nyumba ya mtu wetu naona pesa nyingi imekaa sehemu inayoonekana na sehemu inayobeba nyumba haijaguswa kabisa, na inaniuma, maana najua hiyo pesa ilivyopatikana, ni shifti za usiku hizo.

Wengi wenu mmenunua au mnatafuta nyumba huko Irving, Garland, Mesquite, Arlington, na kwa bei tunazozimudu nyumba inayokuja mkononi mara nyingi ni ileile, ndefu, ya chini, tofali nje, paa limelala, garaji imeshikana na nyumba, dirisha kubwa la sebuleni linaangalia barabarani, mlango wa kioo wa kusukuma unatokea uani. Imejengwa miaka ya 50 au ya 60 au mwanzoni mwa 70. Hizo ndio nyumba za ranchi na ndio naongelea hizo tu leo. Neno langu ni moja, kwenye nyumba hizi pesa inaanza chini, inapita ndani ya ukuta, inapanda darini, halafu ndio inafika jikoni na bafuni. Ukigeuza huo mpangilio kazi moja utailipia mara mbili, na mara ya pili inauma zaidi.

Kabla sijaingia kwenye ufundi niseme kidogo zimetoka wapi, maana ukijua aliyejenga alikuwa anawaza nini unajua pia cha kugusa na cha kuacha. Kuna jamaa wa San Diego anaitwa Cliff May, hakusomea usanifu wa majengo, mwanzoni mwa miaka ya 30 akaanza kujenga nyumba za chini akifuata zile nyumba za udongo za wafugaji wa zamani wa California, vyumba vimejipanga kuzunguka ua, upenu mrefu wa kuzuia jua, mtu anatoka chumbani anakanyaga nje moja kwa moja. Sisi watu wa pwani nyumba ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa, kukaa kibarazani tumekuta wazee wanakaa. Vita ikaisha 1945, wanajeshi wakarudi, sheria ya 1944 ilishawapa mikopo rahisi ya nyumba, zikahitajika nyumba nyingi kwa haraka, na ranchi ilijengeka upesi kwa mbao zilezile za vipimo vilevile. Miaka ya 50 ikawa ndio nyumba ya Mmarekani wa kawaida. Hata hapa Dallas upande wa mashariki kuna nyumba za michoro ya huyo huyo Cliff May.

Na hili nalo lisemwe. Mingi ya mitaa hii wakati inajengwa mtu mweusi hakuruhusiwa kununua. Hati za viwanja zilikuwa na kipengele cha kukataza waziwazi, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema 1948 kwamba mahakama haziwezi kukisimamia kipengele hicho, na sheria ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba ikaja 1968. Ukisoma makaratasi ya zamani ya kiwanja chako unaweza ukakuta yale maneno bado yameandikwa, hayana nguvu tena lakini yapo. Kwa hiyo mimi nikimaliza kazi nikamkabidhi mama wa Kigoma au baba wa Bukavu funguo kwenye mtaa kama huo sioni ni kazi ya rangi na tailizi tu, nataka hiyo nyumba ikae imara mpaka wajukuu.

Sasa twende chini.

Udongo wa Dallas, hasa upande wa mashariki mpaka kushuka kusini, ni ule mweusi wa mfinyanzi, ukinyeshewa unavimba, ukikauka Julai na Agosti unasinyaa unaacha nyufa unaingiza mkono. Nyumba imekaa juu ya jamvi la zege juu ya udongo huo, miaka sitini udongo unapanda na kushuka, upande mmoja una mti mkubwa unaonyonya maji, upande mwingine gata imevunjika inamwaga maji palepale msingini, basi jamvi halishuki sawasawa, linapinda. Nyumba itakwambia yenyewe ukiitazama vizuri: ufa wa mshazari unaoanzia kona ya juu ya mlango, mlango wa chumbani unagoma kufunga kiangazi na ukifika mwezi wa pili unafunga, tofali za nje zimepasuka kwa ngazi ngazi kufuata ile saruji ya katikati, kabati la jiko limeachana na dari kidogo juu pale. Ufa mmoja mwembamba sio msiba, nyumba zote huku zinao. Zikikutana dalili tatu nne upande mmoja wa nyumba ita injinia wa majengo, na namaanisha injinia anayelipwa kwa kuangalia tu, sio kampuni ya kuinua misingi ambayo inakuja kupima bure, maana anayekuja bure anauza nguzo za msingi, zile zinazoshindiliwa chini ya jamvi kuliinua, na lazima atakuta zinahitajika.

Kuna familia moja, majina naacha, walinunua ranchi ya mwaka 1961, nyumba nzuri kweli, wakaanza na wanachokiona. Wakang'oa kapeti, wakaweka tailizi kubwa za kung'aa kuanzia mlango wa mbele mpaka vyumbani, jiko jipya, kaunta ya mawe. Ilipendeza mno, watu walienda kupiga picha. Kiangazi cha pili mlango wa bafu ukagoma. Wakaita watu wa msingi, nguzo zikashindiliwa upande wa kusini, jamvi likainuliwa, na kuliinua ni lazima kila kitu kilichoshikana nalo kisogee, tailizi zikapasuka mstari mmoja kwenye korido nzima, ile kaunta ya mawe ikaachana na ukuta kama inchi moja hivi, jipsamu ikachanika juu ya kila mlango. Halafu bado. Baada ya kuinua wakapima bomba za maji machafu chini ya jamvi, zikakutwa zimekatika, kwa hiyo zege likachimbwa katikati ya hizo hizo tailizi mpya. Msingi ungeanza tailizi zingekuwepo mpaka leo.

Hapo kwenye bomba nikae kidogo maana wengi hamuambiwi. Nyumba hizi maji machafu yanapita kwenye bomba nzito za chuma zilizolazwa chini ya zege, chuma hicho kinaliwa na kutu kwa ndani na upande wa chini, unaosuguliwa na maji kila siku, ndio unaisha kwanza, yaani juu bomba linaonekana zima na chini halina sakafu. Maji yanayovuja pale yanalowesha udongo uleule unaovimba, msingi unapanda katikati, unadhani tatizo ni msingi kumbe ni choo. Kwa hiyo kabla hujanunua, omba kamera ipitishwe kwenye bomba la maji taka kuanzia nyumbani mpaka barabarani. Ukaguzi wa kawaida wa kununua nyumba haujumuishi hiyo kamera, lazima uombe na ulipe pembeni. Na msingi ukishainuliwa wapime bomba tena kwa kuzijaza maji na kuangalia kama yanashuka, kampuni nzuri inafanya hivyo bila kuambiwa. Bomba za maji safi nazo, kama ni zile za GI, chuma kilichopakwa zinki, za miaka ya 50, ukifungua bomba la bafuni na mtu akafungua la jikoni presha inakufa, basi ndani zimejaa kutu, hazisafishiki, zinabadilishwa.

Umeme. Fungua boksi la breka ukiwa na fundi mwenye leseni. Nyumba ya wakati ule ilipewa umeme wa ampia 60 au 100, na familia ya siku hizo ilikuwa na friji moja, jiko, taa na redio. Leo mna eisii kubwa, mashine ya kukaushia nguo, friza ya pili garajini imejaa samaki na mihogo, na mtoto anataka kuchaji gari. Ampia 200 ndio saizi ya sasa. Soketi za matundu mawili mara nyingi maana yake hakuna waya wa ethi, na yule anayekuja akabadilisha uso wa soketi tu akaweka ya matundu matatu bila ethi nyuma amekudanganya na amekuwekea hatari, kuna namna halali ya kuweka soketi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, mwambie afanye hiyo kama hamna pesa ya kuvuta waya mpya nyumba nzima. Na nyumba za kati ya 1965 na 1973 hivi, kuweni macho na waya za alumini, shaba ilipanda bei wakati ule wakajengea alumini, waya wenyewe ukikaa bila kuguswa unaweza usilete shida, shida iko kwenye maungio ya soketi na swichi, alumini inatanuka na kusinyaa, skrubu inalegea, panapata moto. Soketi ikiwa na joto ukiigusa au uso wake umebadilika rangi usiichomeke kitu tena, ita fundi.

Halafu nyundo. Jamani hapa nawaomba sana hasa nyie vijana mnaopenda kubomoa wenyewe wikiendi na watoto wamekaa pembeni wanaangalia. Nyumba ya kabla ya 1978 ichukulie ina rangi yenye madini ya risasi mpaka ipimwe, mwaka huo ndio rangi hizo zilipigwa marufuku majumbani, na vumbi la rangi hiyo linaharibu ubongo wa mtoto mdogo, halirudishiki. Tangu 2010 sheria inataka kampuni inayolipwa kukwangua au kuvunja kwenye nyumba hizo iwe na cheti cha kufanya kazi bila kusambaza hilo vumbi, mwombe akuonyeshe. Na asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake linaharibu mapafu: ukinyanyua kapeti au vinaili ukakuta vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9, vigumu, chini yake gundi nyeusi, acha hapohapo. Ile dari yenye chengachenga kama bisi nayo vilevile, kata kipande kidogo kikiwa kimeloweshwa maji, peleka maabara, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mapafu. Vigae hivyo vikiwa vizima havina neno, unaweza ukaweka sakafu mpya juu yake na maisha yakaendelea. Kinachoua ni kuvikwangua na kuvisaga.

Najua mnachosubiri ni ule ukuta kati ya jiko na sebule. Kila mtu anataka utoke, na mimi sipingi, jiko la ranchi lilifungiwa na mama wa familia akabaki peke yake huko nyuma, kulifungua kunabadilisha kabisa maisha ya nyumba. Ila swali la kwanza liko darini. Panda na tochi. Ukikuta paa limetengenezwa kwa mbao moja moja, makombamoyo yanapanda mpaka mgongo wa paa na boriti za dari zimeungwa zikikutana katikati ya nyumba juu ya ukuta mmoja mrefu, basi huo ukuta wa katikati umebeba, na mara nyingi sana ndio huohuo mnaotaka kuutoa. Ukikuta kenchi za kiwandani, zile pembetatu zilizobanwa kwa vibati vya chuma, kuta za ndani mara nyingi hazijabeba kitu, ila bado injinia athibitishe. Ukuta uliobeba unatoka vizuri tu, inawekwa boriti iliyopigiwa hesabu na nguzo mbili za pembeni, na chini ya nguzo hizo kuangaliwe kama zege linatosha kwa uzito mpya, hilo la zege ndio mafundi wengi wanalisahau. Kuinua dari la sebule lifuate paa, kwenye ranchi mimi nashauri fikirieni mara mbili, paa limelala sana hivyo nafasi unayoipata ni ndogo, na mifereji ya eisii inapita humo humo, utaihamishia wapi.

Kuna vitu nawasihi msivitoe. Nyumba zilizokaa juu ya nguzo fupi na mbao badala ya jamvi, chini ya kapeti mara nyingi kuna sakafu ya mwaloni halisi, inasuguliwa inapakwa vanishi inakaa miaka mingine mingi, mbao ya namna ile dukani leo bei yake haishikiki. Bafu la tailizi za pinki, nalo jamani, pinki ilivuma miaka ya 50 wakati Mamie Eisenhower mke wa rais anaipenda kila mahali, watu wanacheka wanavunja, lakini zile tailizi zimekaa kwenye saruji nene ya kweli, kama hazijapasuka na maji hayapiti nyuma weka sinki jipya, taa nzuri, kioo, umeokoa maelfu ya dola. Tofali za nje msizipake rangi nyeupe. Najua ni fasheni. Tofali haidai chochote kwako, inapumua, ikishapakwa rangi umejipa kazi ya kuipaka tena kila baada ya miaka na rangi mbaya inafungia unyevu ndani inabanduka. Na msiiwekee nyumba ya chini nguzo ndefu na kipaa cha juu mlangoni ili ionekane ya ghorofa, uzuri wa ranchi ni ule urefu wake na upenu wake, palilia bustani, badilisha mlango wa mbele, weka taa, inatosha.

Darini huko huko kuna pesa mnaiacha. Nyumba nyingi za umri huu nakuta insulesheni, yaani ile nyenzo laini ya kuzuia joto, ya inchi tatu nne, imelala, imekuwa vumbi, na dari la Texas mchana wa Agosti linapita nyuzi 120 za Farenhaiti. Kupulizia insulesheni mpaka R-38 au R-49, R ni kipimo cha kuzuia joto, hiyo mara nyingi ni unene wa futi moja au zaidi kutegemea aina, ni kazi ya siku moja na bili ya umeme inaisikia mwezi huohuo. Mkikuta darini kuna chembechembe kama changarawe nyepesi zinazong'aa kijivu au dhahabu, msizichote, msiweke maboksi juu yake, nyingi zilitoka mgodi mmoja wa Libby kule Montana na zina asbestosi, hizo ni za watu maalumu. Na mnakumbuka ile baridi ya Februari 2021, umeme ukakatika siku kadhaa, bomba zikapasuka nyumba hadi nyumba. Zilizopasuka sana ni zinazopita darini na kwenye kuta za nje, basi siku ukuta wako ukiwa wazi kwa kazi nyingine hamisha hizo bomba zije kuta za ndani au zifungwe vizuri, ukishaweka jipsamu na rangi umechelewa.

Siku hiyohiyo ukuta ukiwa wazi fikirieni wazazi. Hii ndio sababu kubwa mimi naipenda ranchi kuliko nyumba ya ghorofa kwa bei ileile, bibi akija kutoka Morogoro au Lubumbashi miguu inamuuma hakuna ngazi hata moja ya kupanda kwenda kulala. Lakini milango ya bafu ya wakati ule ni myembamba, mingine inchi 24 tu, kiti cha magurudumu hakipiti. Weka mlango wa inchi 36. Kabla ya kufunga ukuta wa bafu pigilia mbao nene kati ya miimo pande zote za choo na za kuogea, mbao ambazo hazigharimu kitu, siku bibi akihitaji vyuma vya kushikilia vinafungwa kwenye mbao na sio kwenye jipsamu. Na dirisha la chumba cha kulala, mkibadilisha hakikisheni linafunguka kiasi cha mtu mzima kutoka moto ukitokea, kanuni ya kawaida inataka uwazi wa futi za mraba 5.7, au 5 kama chumba kiko usawa wa ardhi, na kizingiti cha chini kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni.

La mafundi. Texas haitoi leseni ya jimbo kwa kontrakta mkuu, yaani yeyote mwenye gari na ngazi anaweza akajiita kontrakta, lakini fundi umeme, fundi bomba na fundi eisii wote lazima wawe na leseni na unaangalia namba yake mtandaoni bure. Vibali vya mji vichukuliwe kwa jina la anayefanya kazi, akikwambia tufanye bila kibali ni rahisi zaidi, mwache aende, hata akiwa ni wa kwetu na tunasali naye. Msilipe zote mwanzo, lipeni kwa hatua, hatua ikikaguliwa ndio pesa inatoka. Kwa nyumba unayoishi, katiba ya jimbo inakulinda, fundi hawezi kuishika kwa deni la ukarabati bila mkataba wa maandishi uliosainiwa kabla kazi haijaanza, na kama mmeoana mnasaini wote wawili, kwa hiyo karatasi ya namna hiyo ikiletwa mezani usiku baba peke yake asisaini, na mama asisaini kwa kuwa baba kasema. Ambao hamjanunua bado muulizeni mkopeshaji kuhusu mkopo wa FHA, ile idara ya serikali inayodhamini mikopo ya nyumba, unaoitwa 203(k), unachanganya bei ya nyumba na gharama ya matengenezo kwenye mkopo mmoja, una makaratasi mengi na unachosha, ila kwa ranchi yenye msingi mbovu na bei nzuri ndio unaowezesha kuanza chini kama nilivyosema.

Nitakaa pale kwenye meza ya pembeni, karibu na chai. Mliokuja na ripoti zenu za ukaguzi zileteni, tuanze na kurasa za msingi na bomba, na wenye picha za nyufa kwenye simu pia karibuni.